Ndara Mlangoni pa Kilima

Bibi yangu Okiwa alikuwa mwoga kuliko watu wote wa Nibuzaka, na wala hakuficha. Aliogopa radi. Aliogopa mbwa, aliogopa farasi wa watu wa serikali, aliogopa kengele ya moto hata ilipogongwa kwa kujaribiwa tu. Akivuka daraja alishika ukingo kwa mikono miwili. Kisimani wanawake walimwita Kunguru, kwa jinsi alivyoruka pembeni kila kitu kilipoanguka, naye akiitwa hivyo aliitika, kwa sababu aliogopa pia kugombana.

Mimi sasa ni mzee kuliko alivyokuwa yeye wakati ule, na bado nikisikia vijana wakisema fulani jasiri, fulani hajui hofu, napandwa na hasira. Mtu asiyejua hofu amefanya nini cha kusifiwa? Anakwenda tu, kama ng'ombe anavyokwenda. Nataka mjue habari za mwoga.

Ule moto mkubwa ulioteketeza nusu ya mji wetu ulimchukua mwanawe na mkwewe, yaani baba yangu na mama yangu, akabaki na mimi mgongoni nikiwa bado nanyonya. Baada ya moto ikaja amri kutoka ngomeni kwa mtawala kwamba nyumba zote za kando ya barabara kuu ziezekwe vigae, mambo ya nyasi basi. Fundi Yasobei mwenye tanuri la vigae akawa anatafuta watu wa kumchimbia udongo. Wanaume walidengua, huyu mgongo unamuuma, yule ana safari, kwa sababu udongo mzuri ulikuwa chini kabisa ya Kilima cha Bwana. Bibi ndiye aliyekwenda kuomba kazi.

"We Kunguru, utaweza kweli?" Yasobei akamuuliza.

"Sitaweza," Bibi akajibu. "Nianze lini?"

Kilima chenyewe kimejengwa na watu. Kimeinuka katikati ya mashamba ya mpunga, duara upande mmoja na mkia bapa upande wa pili, na miti imekifunika hadi kileleni. Ndani yake amelala bwana wa kale ambaye hata jina lake limepotea. Kila mwaka mpya tunakizungushia kamba ya mabua, na hakuna mtu wa Nibuzaka anayethubutu kukata hata ukuni juu yake. Bibi alichimba nje ya kamba, na kila asubuhi kabla ya kushika jembe aliinamisha kichwa akaomba radhi, kisha akachimba huku akitazama nyuma.

Hakuwa na elimu yoyote, lakini jembe lake lilikuwa limeupitia mji wote kutoka juu hadi chini. Udongo wa juu ulikuwa wa enzi zetu, umejaa vipande vya bakuli za nyumba za wageni na visahani vya pombe ya mchele. Chini yake palikuwa na tabaka jeusi lenye vichwa vya mishale na punje za mchele zilizoungua, la zamani za vita, mabwana walipokuwa wakinyang'anyana mabonde. Mmoja wao hakuwa na haya akajenga boma juu ya Kilima chenyewe, na wakachomwa humo wote, na wapishi wao. "Unaona mambo?" Bibi alikuwa akiniambia akifika hapo. "Ndiyo maana mimi napiga hodi." Ukizidi kwenda chini ulikuta vigae vinene vya hekalu lililokwisha, na njuga za farasi wa matarishi waliokuwa wakipita hapa kwa amri ya mfalme, wakati barabara yetu ilipokuwa barabara yake. Na chini ya hayo yote, kabla tu ya udongo safi wa kijivu, kulikuwa na watu wa udongo.

Hao walipangwa kukizunguka Kilima safu kwa safu, wana mikono mifupi, na macho na midomo yao ni matundu tu. Kwetu habari zao kila mtoto hupewa pamoja na uji. Zamani sana, wanasema, bwana akifa watumishi wake walifukiwa naye wakiwa hai, wamesimama wima, na vilio vyao vilisikika hadi vikakatika vyenyewe. Mpaka akatokea mtu mmoja mwenye huruma akasema, jamani, tufinyange watu wa udongo, waende hao badala ya hawa. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo.

Bibi aliwakuta wengi, karibu wote wamevunjika, akawa anawarudisha ardhini na kuwaombea. Mmoja tu alimleta nyumbani, mdogo, urefu wa mkono wangu, mzima kabisa, mwanamke aliyeinua mkono mmoja kama anayeaga. Akanipa nimchezee. Nilimwita Bi Matundu. Nilimfunga mgongoni kwa kitambaa, nililala naye, nilimlisha ugali wa mtama kupitia tundu la mdomo mpaka Bibi akalalamika kwamba panya wameanza kumzoea.

Basi, mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa kubwa, na asubuhi moja ukingo wa shimo la udongo ukaporomoka. Bibi alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Meno yalikuwa yakigongana na mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Si wekundu wa damu. Ulikuwa unga mkali unaowaka, mwekundu kuliko kitu chochote ninachokijua.

"Ritsu," akaniambia, "nimefungua mlango wa watu."

Jiwe kubwa lilikuwa limehama, na nyuma yake kulikuwa na giza, na giza lile lilikuwa limemwagiwa wekundu kila mahali. Alikuwa amegusa kabla hajajua anachogusa. Aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa na miaka mitano na alizoea kuzungumza na mimi kama watu wanavyozungumza na paka. Aliziba uwazi ule kwa mikeka na matawi, akasugua mikono kwa pumba na majivu hadi ngozi ikachubuka, na tangu siku hiyo akawa analala ameutazama mlango.

Wakati wa baridi ndui ikaingia mjini. Ilikuja na barabara, kama inavyokuja kila mara, na ikaanza na watoto.

Ndui kwetu ni mgeni mkubwa, na mgeni huyu anapenda rangi nyekundu. Ukimpokea kwa nyekundu anafurahi, anapita bila kuharibu. Ukimpokea kwa nguo za kawaida anaona amedharauliwa. Hivyo mtoto akishikwa huvalishwa nguo nyekundu, chumba hutundikwa vitambaa vyekundu, wali hupikwa na kunde nyekundu, hata anayemuuguza hujifunga nyekundu. Nyumba kubwa zilinunua kila kipande mapema. Siku mimi niliposhikwa na homa, Bibi alikimbia hadi kwa mtia rangi vitambaa, akakuta mapipa makavu na mlango umefungwa. Alikwenda kuomba hata uzi mmoja nyumba kwa nyumba, na watu wakamjibu kupitia nyufa za milango.

Malengelenge yalinitoka usoni, mdomoni, hadi ndani ya kope. Sikumbuki mengi. Nakumbuka Bibi akiwa amekaa ameshika kichwa, akisema peke yake, "Ipo. Nyekundu ipo. Jamani, ipo, na mimi najua ilipo."

Alikwenda mchana kweupe, kwa sababu alisema giza juu ya giza hangeliweza. Alirudi na unga ule ndani ya mkono wa kanzu yake, akaulainisha kwa mafuta kidogo, akanipaka kwenye paji la uso, kifuani na nyuma ya masikio. Na mimi nikapona. Uso wangu mnauona, umebaki na mashimo kama njia baada ya mvua, lakini nilipona, wakati watoto wa nyumba ya kushoto na ya kulia walikwisha kuzikwa.

Mtu mwingine angefurahi. Bibi alizidi kuogopa. "Nimeingia kwa mtu, nikachukua chake bila kuomba," alikuwa akisema. "Hatanyamaza huyu." Kikombe kikidondoka alikuwa anafunika uso. Aliniogesha kila siku, lakini nyuma ya masikio wekundu ulikataa kutoka.

Aliyeuona ni Jumbe Denzaemon, mkuu wa mji wetu na mwenye nyumba kubwa ya wageni kuliko zote. Hakuwa mtu mbaya. Wakati wa ule moto aliwapa watu mchele wake mwenyewe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Toramatsu, aliyempata uzeeni, na Toramatsu alikuwa mwenzangu wa kucheza. Ndiye pekee aliyekubali kuwa mume wa Bi Matundu. Sasa alikuwa amelala, hafumbui macho. Jumbe alikuja mwenyewe kwetu, akakaa kwenye ukingo wa sakafu bila kukaribishwa, akanivuta akanigeuza kichwa.

"Hii umeitoa wapi, Bi Okiwa?"

"Ni rangi tu, Jumbe."

"Rangi tu? Nguo nyekundu za mwanangu zinatosha kuvalisha mji mzima, naye anakwisha. Huyu wako, samahani, hana hata tambara, anakimbia uani. Usinifanye mjinga."

Bibi akalia papo hapo, akasema yote. Alikuwa mtu wa namna hiyo, ukimkazia macho anasema. Jumbe aliposikia ni Kilima aliniachia kichwa. Nilimwona akimeza mate.

"Kanichukulie."

"Siwezi kurudi kule, Jumbe. Nilichukua kidogo, kwa dharura. Tukizidisha atatufuata sote. Nakuomba."

"Bi Okiwa, nisikilize. Nitawatenga. Na huyu mtoto pia."

Kwetu mtu akitengwa anabakiziwa mambo mawili tu: nyumba yake ikiungua watu watakuja kuzima, na akifa watakuja kumzika. Mengine yote, moto wa kuwashia jiko, salamu, maji, kazi, hana. Ajuza mmoja na mtoto mmoja wakati wa baridi wangemaliza mwezi? Bibi akachukua bakuli akaenda. Wanaume aliokuja nao Jumbe walibaki mbali kule kwenye kamba, hakuna aliyetaka hata kuuona mlango.

Na kama wangempaka tu mtoto, mambo pengine yangeishia hapo. Lakini kulikuwa na mganga wa milimani amelala katika nyumba ya Jumbe, mtu wa masharti mengi na pembe ya kupuliza, aliyekwama kwetu kwa sababu ya theluji. Alilitazama lile bakuli akaona makubwa. Kupaka, alisema, ni kwa ngozi tu, na ndui ya Toramatsu imekwisha kuingia ndani. Wekundu huu uchomwe kwenye makaa, chumba kizibwe kila ufa kwa karatasi, moshi umwingie mtoto hadi mifupani. Na kwa kuwa wekundu huu umekwisha kumfahamu mtoto mmoja na kumpenda, mtoto huyo akae mle ndani na mgonjwa, ili uwe na wa kumtambua.

Mtoto huyo ni mimi.

Walimtuma mjakazi wa Jumbe asubuhi kuja kunichukua. Mwanamke mcheshi, alikuwa ananipenda. "Twende, Ritsu, ukakae na bwana wako," akanitania, akamweleza Bibi habari za chumba na makaa. Bibi akasema vizuri, ngoja nimnawishe uso, haiwezekani aende kwa watu hivi. Akanipeleka nyuma, kisimani. Ndoo ikamponyoka. Hakujua lolote kuhusu madhara ya moshi ule, na mimi siwezi kumsifu kwa alichokuwa hakijui. Aliogopa tu. Aliogopa chumba kilichozibwa, aliogopa makaa, maana mwanawe na mkwewe waliishia kwenye moto, na zaidi ya yote aliogopa kuniona naingia mahali naye akabaki nje. Akanifunga mgongoni kwa mshipi, mimi na Bi Matundu wangu kifuani, akapenya kwenye uzio, akakimbia.

Akimbilie wapi? Barabarani kuna kizuizi cha walinzi. Milimani theluji ilimfika mtu kiunoni. Kila nyumba ya mji ilikuwa ya watu wa Jumbe. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna mtu wa Nibuzaka angemfuata, na ndipo mahali alipopaogopa kuliko pote duniani. Nilisikia moyo wake ukipiga kupitia mgongoni, ukanigonga kifuani kama mtu anayebisha mlango.

Sasa sikilizeni alichofanya. Ametoka mbio, roho mkononi, pengine watu wako nyuma yake. Akafika kwenye lile giza, akaondoa matawi. Kisha akasimama, akavua ndara zake za mabua, akazipanga pamoja, zikitazama nje, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu anapoingia nyumba ya watu. Sidhani hata kama alijua anazivua. Akainama.

"Hodi, Bwana," akasema. "Tuwie radhi. Hatukai."

Tukaingia.

Ndani palikuwa na baridi ya namna nyingine, isiyo na upepo. Mawe yalikuwa juu, mawe pembeni, yote mekundu, na mwanga mdogo uliotufuata mlangoni ulikuwa mwekundu pia. Bibi alikaa karibu na ukuta akanipakata. Macho yangu yalipozoea niliona kitu cha duara kinachong'aa kidogo, kioo cha shaba cha zamani, na mbele yake, juu ya ule unga mwekundu, meno. Hakukuwa na fuvu wala mifupa. Meno peke yake, safu mbili, yamekaa pale yalipobaki wakati mengine yote yalipokwisha. Nilitaka kupiga kelele, Bibi akanigeuza uso.

"Usimtazame. Amelala. Mwache mzee wa watu alale."

Tulikaa. Sijui muda gani. Kila kokoto ilipodondoka Bibi alishtuka mwili mzima, na mimi nikashtuka naye. Alikuwa akimwomba Bwana pole pole, bila kukoma, akamweleza habari zote: moto, mwanawe, mkwewe, ndui, Jumbe, mganga na pembe yake. Wakati fulani akamwambia hata bei ya mchele, nadhani kwa sababu mengine yalikuwa yamemwishia.

Kisha tukasikia watu.

Walikuwa wengi, na hawakuwa wakizungumza kama watu wanaotafuta mtu. Sauti ya kwanza niliyoitambua ni ya Fundi Yasobei, kwa kile kikohozi chake cha moshi wa tanuri. Halafu ya Jumbe, lakini imekauka, kama imetoka kwa mtu mwingine.

"Mwageni humo humo, unga wote uliobaki. Bakuli nalo tupeni. Halafu fukieni."

Bakuli likaruka kupitia mlangoni, likavunjikia kwenye jiwe. Harufu mbaya ikaingia nalo, harufu ya kiberiti, kama kwenye chemchemi za maji ya moto. Kisha udongo ukaanza kuanguka, pakacha kwa pakacha, na mwanga ukaanza kupungua.

Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja. Sisi hatukujua yaliyotokea mjini. Bibi alijua hili tu: akisema neno, watatutoa, na mimi nitapelekwa kwenye kile chumba. Akinyamaza, tutazikwa. Kiganja chake kilikuwa cha baridi na kilitetemeka hata meno yangu yakagongana. Pakacha jingine. Uwazi ukabaki wa kupita kichwa cha mtu tu. Jingine.

"Jumbe, ngoja kwanza," Yasobei akasema. "Hizi ndara za nani?"

Majembe yakasimama.

"Ndara zipi?"

"Hizi hapa. Zimepangwa."

Nilisikia mtu akivuta pumzi.

"Za zamani hizo," Jumbe akasema. "Fukia."

"Za zamani vipi, Jumbe, na mabua yake bado ya manjano?"

"Yasobei! Nimesema fukia!"

Hapo nilihisi mwili wa Bibi ukikakamaa wote. Alikuwa ameelewa, na hata mimi mtoto nilielewa kutokana na mwili wake. Yule mtu nje anajua tuko ndani. Udongo ukaanguka tena. Bibi akaweka mdomo wake kwenye sikio langu.

"Walisema watatutenga," akaninong'oneza. "Sasa ona, wametuzika, na Jumbe mwenyewe kaja. Hatujatengwa hata kidogo." Akacheka kwa puani, na machozi yake yakaniangukia utosini.

Kisha akasafisha koo. Sijawahi kusikia sauti inayotetemeka vile, lakini ilitoka.

"Jumbe," akasema. "Ndara ni zangu. Msizifukie, sina nyingine."

Mayowe yaliyopigwa nje bado nayasikia nikitaka. Majembe yalianguka, mapakacha yalianguka, watu waliangukiana. Bibi alichimba kwa mikono, akapitisha kichwa, akajivuta, nami mgongoni, tukatoka tukiwa wekundu kuanzia nywele hadi kucha. Mashambani wanaume wazima walikuwa wakikimbia wakianguka kwenye matope. Yasobei alishindwa hata kukimbia. Alikuwa amekaa chini, amejilowesha, anaomba kwa sauti. Na Jumbe Denzaemon alikuwa amesimama pale pale, jembe limeinuliwa.

Hakushangaa kutuona.

"Toramatsu amekufa," akasema. "Hatukumngojea Ritsu, na moshi ulipoanza tu akabanwa kifua. Mama yake pia anatapika, mganga haoni."

"Amekwenda peke yake, Bi Okiwa." Sasa alikuwa anazungumza taratibu, kwa upole kabisa, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Giza halipendi kabisa. Hata chooni lazima apelekwe. Mimi nikaziona zile ndara, nikasema, huyu Ritsu walikuwa wakicheza pamoja. Hawatagombana. Niachie huyu aende naye. Wewe toka, nenda zako, huyu niachie."

Jembe lilikuwa juu ya vichwa vyetu na alikuwa mtu wa nguvu. Bibi angeweza kupiga kelele, angeweza kujitupa chini, mambo aliyoyafanya maisha yake yote kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Alitetemeka hata mshipi ukalegea nikateleza hadi kiunoni. Lakini miguu yake, peku kwenye theluji, ilikwenda mbele, ikasimama chini ya lile jembe.

Akanyoosha mkono nyuma, akamshika Bi Matundu. Mimi nikamng'ang'ania. Akanibandua vidole kimoja kimoja, mimi nalia, akamtoa, akampangusa wekundu kwa mkono wa nguo, akamshika kwa mikono miwili kama kitu cha kumpa mkubwa.

"Huyu ndiyo kazi yake, Jumbe," akasema. "Huyu alikuwa na mabwana wakubwa. Njia anaijua, na giza amelizoea. Na mwanao anamfahamu, walioana. Mpe huyu. Huyu wangu niachie. Tafadhali. Huyu niachie."

Denzaemon alimtazama yule mwanamke wa udongo, mkono wake mmoja juu, muda mrefu. Kisha jembe likashuka, likaanguka lenyewe. Akampokea kwa mikono miwili. Akachuchumaa kwenye tope akalia, na Bibi akachuchumaa karibu naye, akalia pia, wekundu wake ukimpaka mabegani.

Mke wa Jumbe na yule mganga walikufa kabla theluji haijayeyuka. Wapo wanaosema ni Bwana wa Kilima. Tabibu mmoja aliyelala kwetu miaka ya baadaye alisema ni unga wenyewe, kwamba ukichomwa unakuwa sumu. Mimi sina ugomvi na upande wowote. Mlango ulifukiwa tena, kamba ikafungwa, na Yasobei akatafuta udongo bonde jingine. Hakuna aliyetutenga, na hakuna aliyekuja kuomba radhi. Lakini kila mwaka baridi ilipoanza tulikuta ndara mpya mlangoni, zimesukwa kwa mabua laini ya mashamba ya Jumbe, zimepangwa pamoja, mpaka Bibi alipokufa. Alizivaa. Mbwa aliendelea kuwaogopa, na daraja nalo.

Toramatsu alizikwa na Bi Matundu kifuani. Nilimlilia mwanasesere wangu hadi majira ya kupanda mpunga, nikamwita Bibi mwizi, nikakataa kula mkononi mwake. Alinivumilia tu. Nilikuwa mdogo, sikujua amekwenda badala ya nani.